Vidonge vilivyolala kwenye kopo la vifungo

Masika ya mwaka 2018 niliamka alfajiri moja nikashindwa kufungua chupa ya chai. Kifuniko hakikuwa kimekaza. Mwanangu wa darasa la tatu alikuja akakizungusha kwa mkono mmoja. Vidole vyangu ndivyo vilivyogoma. Vilikuwa vimevimba kwenye vifundo, mkono wa kulia na wa kushoto sawasawa, na nilipotaka kukunja ngumi nilihisi kama kila kidole kimefungiwa kijiti. Ilipofika saa nne vikalegea, nikakaa kwenye cherehani yangu hapa Mbagala nikaendelea na kazi. Nikajiambia ni uchovu. Kesho yake vilevile, keshokutwa vilevile, na nyayo nazo zikaanza: kushuka kitandani ilikuwa kama kukanyaga kokoto.

Mimi ni fundi wa nguo. Nashona madera, magauni ya harusi, na kila Januari sare za shule mpaka usiku wa manane. Mikono ndiyo shamba langu. Kwa hiyo ilipoanza kuuma sikuogopa ugonjwa, niliogopa wateja wasijue.

Kila mtu alikuwa na jibu. Mama mkwe wangu alisema ni baridi yabisi, kwa sababu napiga pasi halafu naenda kuosha vyombo. "Chuma cha moto, maji ya baridi, mishipa itaacha kukasirika?" Shoga yangu wa genge akaniletea mafuta ya nyonyo na tangawizi iliyotwangwa nijikande. Yuko pia aliyeninong'oneza kuwa kuna fundi mwenzangu ananionea kijicho, nikaangalie mambo mapema. Maabara moja ya mtaani wakanitoa damu, wakaniambia yuriki asidi imepanda kidogo, niache nyama nyekundu, maharage na dagaa.

Hili la yuriki asidi nalisema kwa kirefu kwa sababu naona watu wengi wanapitishwa njia hiyohiyo. Nilikula wali na mchicha miezi sita. Sikuonja nyama hata sikukuu ya Idi. Vidole vikazidi kuvimba. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba ugonjwa wa yuriki asidi, ule wazee waliouita jongo, mara nyingi huvamia kiungo kimoja kwa ghafla, hasa kidole gumba cha mguu, kikawa chekundu na cha moto mpaka shuka likigusa mtu anapiga kelele. Wangu ulikuwa unakuja polepole, pande zote mbili kwa pamoja, kwenye viungo vidogo vidogo, na asubuhi ndiyo ulikuwa mkali kuliko muda mwingine wowote. Dalili zote za ugonjwa mwingine nilikuwa nazo. Hakuna aliyeniuliza.

Wakati nasubiri lishe initibu, nilikuwa nameza dawa za maumivu. Diklofenaki ya 50 mg, ile ambayo ukienda duka la dawa huulizwi swali, unahesabiwa tu. Nilianza na kimoja siku za kazi nyingi. Kikawa kimoja kila siku, vikawa viwili, vikawa vitatu. Asubuhi nilikuwa nakimeza na chai ya rangi tupu ili niwahi kukaa kwenye cherehani kabla wateja hawajaja. Niliishi hivyo karibu mwaka mzima. Tumbo lilikuwa linawaka, nikalinyamazisha kwa maziwa. Choo kikawa cheusi kama lami, nikadhani ni mchicha.

Juni 2019 nilipanda daladala Rangi Tatu kwenda Kariakoo kununua zipu na nyuzi. Nilisimama, kiti hakikuwepo. Tulipofika Mtoni kwa Aziz Ally macho yakafunga giza, nikaamka niko chini na dada mmoja ananipepea kwa mtandio wake. Hospitalini wingi wa damu ulikuwa 6. Zile dawa za maumivu zilikuwa zimenichimba vidonda tumboni, na vilikuwa vinavuja taratibu kwa wiki nyingi. Niliongezewa chupa mbili za damu. Kaka yangu na jirani wakaenda kuchangia kufidia zilizotoka benki.

Nashukuru kwamba nilianguka, kwa sababu wodini humo ndimo mtu wa kwanza alipoitazama mikono yangu.

Alikuwa daktari kijana. Alikuja kuangalia tumbo, akaona navyoshika kikombe kwa viganja viwili kama mtoto. Akaniambia, "Mama, nipe mkono." Nikampa nikidhani ananisalimia. Akakibana kiganja changu kutoka pembeni, pale vifundo vya vidole vinapojipanga, akabana kidogo tu. Nilipiga yowe wodi nzima ikageuka. Halafu akaniuliza swali ambalo kwa mwaka mzima hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Ukiamka asubuhi, inakuchukua muda gani mpaka mikono ilegee?" Nikamwambia masaa mawili, siku nyingine matatu. Akaandika.

Nikapelekwa kwa daktari bingwa, na mabingwa wa viungo nchini kwetu ni wachache, foleni yake naijua. Vipimo vya damu na picha za eksirei vikatoa jina: rumatoidi athraitisi. Bingwa, mtu mzima mpole, alinieleza kwa lugha ya kueleweka. Kinga ya mwili ni walinzi. Wangu walikuwa wamewakosea wenye nyumba wakawadhania wezi, wakawa wanaushambulia utando laini unaofunika maungio kwa ndani. Utando ukivimba kwa muda mrefu unakula mfupa. Wanawake tunaupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Pasi na maji ya baridi havihusiki. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama mkwe kwa heshima zote, akaniambia, "Haya, lakini maji ya baridi acha."

Akanianzishia dawa mbili. Ya kwanza prednisoloni, 10 mg kila asubuhi baada ya kula. Hiyo siisahau. Siku ya tatu niliamka, nikakunja ngumi. Nikaikunjua, nikaikunja tena. Nikamwamsha baba watoto nikamwonesha, nikalia. Nilikuja kusoma kwamba mwaka 1948 huko Marekani, kwenye kliniki ya Mayo, daktari Philip Hench na wenzake walimpa mwanamke mmoja mwenye ugonjwa huu huu dawa ya kwanza ya ukoo huu, kotisoni, naye ambaye kujigeuza kitandani kulikuwa kazi akawa anatembea baada ya siku chache. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili, Kendall na Reichstein, walipewa Tuzo ya Nobel. Najua alivyojisikia yule mwanamke. Na najua kilichofuata pia, maana hata wao haukupita muda wakaona dawa ina deni lake.

Deni langu lilianza usoni. Mashavu yakajaa yakawa duara, shingo ikafutuka kwa nyuma, magauni yangu mwenyewe nikayafumua mishono ya ubavuni mara mbili. Njaa isiyoshiba. Usingizi ukakata: saa tisa usiku niko macho nasikia paka wa jirani. Hasira za haraka ambazo si zangu, mpaka binti yangu akaanza kunipitia mbali. Na katika hayo yote wateja walikuwa wananisifia. "Fundi umenawiri! Baba watoto anakutunza." Nilikuwa nacheka nao, halafu naingia ndani nageuza kioo ukutani.

Ya pili ni methotreksati, ya kuwatuliza wale walinzi, na hapa ndipo palipoharibika.

Dawa hii, kwa ugonjwa huu, humezwa mara moja kwa wiki. Kwa wiki, si kwa siku. Daktari alisema, na ninaamini alisema, ila siku hiyo nilikuwa nimeambiwa mambo mengi. Aliniandikia vidonge vinne vya 2.5 mg, jumla 10 mg. Famasia niliyokwenda walinipa pakiti wameandika kwa kalamu: 4 x 1. Sasa wewe msomaji, maisha yako yote umesoma vipi pakiti ya dawa? 1 x 3 ni kimoja mara tatu kwa siku. 2 x 2 ni viwili asubuhi na jioni. Basi 4 x 1 ni vinne mara moja kwa siku. Nikameza Ijumaa, nikameza Jumamosi, nikameza Jumapili. Dozi ya wiki tatu kwa siku tatu.

Jumatatu mdomo ulikuwa umeungua. Vidonda vyeupe ndani ya mashavu na chini ya ulimi, hata mate kuyameza ilikuwa shida. Binti yangu, wakati huo kidato cha tatu, ndiye aliyeichukua karatasi ya daktari akaisoma neno kwa neno akaniambia, "Mama, hapa imeandikwa kwa wiki." Tulikimbia hospitali. Wakanilaza siku tatu, wakanipa dawa ya kuvunja makali, wakawa wananipima chembe za damu kila siku, kwa sababu ikizidi inazima uboho wa mifupa pale damu inapotengenezwa, na watu hufa kwa kosa hilo hilo. Mungu alinisitiri. Namba zilishuka kidogo zikarudi.

Niliporudishiwa dawa, safari hii kwa wiki, hofu ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa pamoja na ugonjwa. Kila nikiimeza kesho yake nilikuwa najisikia kama nimebebwa na mawimbi: kichefuchefu, kichwa kizito, harufu ya vitunguu inanikimbiza jikoni. Nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Nikavumilia wiki tano. Wiki ya sita nikavitoa vidonge kwenye pakiti, nikavishika, nikavitumbukiza kwenye kopo la vifungo.

Nilikuwa nalo kopo la maziwa ya unga la zamani, nahifadhia vifungo vilivyobaki. Vidonge vile ni vidogo, vya manjano. Ukivichanganya na vifungo vya mashati ya watoto huvioni. Kila wiki vinne, kisha sita, kisha vinane, kwa sababu kila nikienda kliniki daktari alikuwa ananiuliza, "Dawa unameza vizuri, mama?" nami najibu, "Nameza, daktari." Anaangalia vidole, anaona havijapungua uvimbe, anaongeza dozi. Miezi mitano nilimdanganya mtu ambaye hajawahi kunikosea. Nikijiuliza leo kwa nini, jibu ni aibu. Tumelelewa kwamba daktari hajibiwi. Nilidhani nikisema dawa yake inanitesa nitaonekana nadeka, au mkaidi, au atanifukuza kliniki aniambie nisirudi. Na nilikuwa nawaona wenzangu kwenye benchi wamekaa kimya, nikadhani wao inawapenda, mimi tu ndiyo inanikataa. Baadaye tulipozoeana, watatu kati yao wakaniambia na wao wana makopo yao.

Kidole changu kidogo cha mkono wa kulia kiliinamia nje katika miezi hiyo. Kiko hivyo mpaka leo na hakitarudi.

Februari 2020 nikafanya kosa la pili. Nilikuwa nimechoka na uso wangu, kuna send-off ya mpwa wangu inakuja, nikaamua kuacha prednisoloni nayo, siku moja, kama mtu anayeacha sukari kwenye chai. Siku ya nne nilikuwa sina nguvu ya kuinua kanga. Natapika, viungo vyote vinawaka kwa mpigo, presha imeshuka mpaka nikisimama naanguka. Kumbe mwili una tezi zake juu ya figo zinazotengeneza kitu kama hicho cha kwake, na ukiutia kwa nje kwa miezi mingi unaacha kutengeneza. Ukikata ghafla, hauna cha nje wala cha ndani. Dawa ile inashushwa ngazi kwa ngazi. Mimi nilikuwa nimeruka kutoka ghorofani.

Niliporuhusiwa kutoka hospitali nilikwenda kliniki na kopo. Sikulipanga, asubuhi nilikuwa natafuta kadi nikaliona, nikalitia kwenye mfuko. Zamu yangu ilipofika nikaliweka juu ya meza ya daktari nikafungua. Sikuweza kusema kitu. Akatazama ndani, akatazama mimi. Akavuta karatasi akalimimina, akaanza kuchambua kwa ncha ya kalamu, kifungo huku, kidonge huku, kimoja kimoja, kama mtu anayechagua mchele. Nje foleni ilikuwa ndefu na yeye hakuharakisha. Vikafika mia na kitu. Halafu akasema, "Mama, mimi nilikuwa najiandaa kukuongezea dawa nyingine juu ya hii, kwa sababu niliamini hii imeshindwa. Kumbe haijaanza." Akanyamaza kidogo. "Sasa niambie inakufanyaje."

Nikamwambia yote. Kichefuchefu, nywele, vitunguu, pakiti iliyoandikwa 4 x 1 na usiku niliolala nikidhani nitakufa. Ilichukua dakika kumi labda. Katika dakika hizo kumi alibadilisha mambo mengi kuliko miezi yote mitano ya "nameza, daktari".

Aliniuliza kama nameza foliki asidi. Nilikuwa nimepewa mwanzoni, ikaisha, sikununua nyingine kwa sababu nilidhani ni vitamini tu ya wajawazito. Kumbe ndiyo ngao. Methotreksati inaibana foliki mwilini, na vidonda vya mdomo na kichefuchefu vingi vinatoka hapo. Akanipa ya 5 mg, mara moja kwa wiki, siku tofauti na ile ya methotreksati. Akanirudisha chini, 10 mg, tupande polepole. Akaniambia nimeze usiku baada ya kula, ili sehemu kubwa ya kichefuchefu ipite nimelala, na dozi ikifika vidonge sita naweza kugawa, vitatu mchana na vitatu usiku wa siku hiyohiyo. Akaniambia ikishindikana kabisa ipo ya sindano inayochomwa chini ya ngozi, tumbo linapata nafuu. Na akanionya nisitegemee muujiza wa siku tatu kama wa prednisoloni: hii inachukua wiki sita mpaka kumi na mbili kuonesha kazi. Kwa hiyo zile wiki tano nilizomeza mwanzo nilikuwa sijafika hata mlangoni.

Akaniuliza, "Siku gani kazi kwako ni ndogo?" Mpaka leo swali hilo linanigusa, maana alinichukulia mimi kama mtu mwenye kazi. Nilikuwa nameza Ijumaa kwa sababu ndiyo siku niliyoanza, na Jumamosi ndiyo wateja wote wanakuja kuchukua nguo za harusi. Tukahamisha ikawa Jumatatu usiku. Jumanne nafunga. Nimeandika kwa chaki mlangoni, "Jumanne hakuna kazi," na wateja wamezoea kama wanavyozoea kinyozi anayefunga Jumatatu.

Kufikia Septemba mwaka ule nilikuwa naamka na mikono inalegea ndani ya nusu saa. Prednisoloni tulianza kuishusha, 10 mg, saba na nusu, tano, mbili na nusu, karibu mwaka mzima kuimaliza, na uso wangu ukarudi taratibu kama mtu anayerudi kutoka safari. Wateja wakaanza kuniambia nimekonda, nina nini.

Kichefuchefu hakikuisha. Kimepungua kutoka mawimbi ya bahari mpaka maji ya mto Mzinga wakati wa kiangazi, lakini Jumanne asubuhi kipo. Nakunywa uji mwembamba wa ulezi wenye ndimu, sili chochote cha kukaanga, binti yangu au baba yake ndiye anayekata vitunguu. Nywele nimezikata fupi nikaacha kuzihesabu.

Yapo mambo ya nyumbani ambayo hakuna daktari aliyenifundisha. Ndoo ya maji ya vuguvugu kabla ya chochote, mikono ndani dakika kumi, nakunja na kukunjua humo humo. Cherehani nimeifunga mota, kwa sababu kukanyaga pedali kulikuwa kunaua vifundo vya miguu. Nililipa kwa awamu tatu na ni fedha niliyoitumia kwa akili kuliko zote. Mkasi nimeuzungushia vitambaa kwenye vishikio mpaka ukawa mnene. Jioni, vidole vikiwa vimelainika, natunga nyuzi kwenye sindano kumi na mbili nazichomeka kwenye mto, ili asubuhi nisihangaike na tundu la sindano. Kazi ya kupinda pindo kwa mkono nampa msichana ninayemfundisha. Chooni kwetu ni cha kuchuchumaa, na magoti yangu hayakuwa yanakubali; baba watoto alichukua kiti cha plastiki akakitoboa katikati, akakisugua kingo. Hatukuongea sana kuhusu kiti hicho. Yeye pia ndiye anayekamua nguo na nazi. Majirani walisema wakachoka.

Daladala ndiyo bado. Ugonjwa huu hauna mkongojo, mtu akikutazama anaona mama mwenye afya zake. Konda anakwambia sogea nyuma, shika bomba, na kushika bomba ndiyo penyewe ninapoumia. Nimejifunza kusema kwa sauti, "Jamani naomba kukaa, mikono yangu ni mgonjwa." Mara nyingi kuna kijana anasimama. Miaka miwili ya kwanza nilisimama kutoka Rangi Tatu mpaka Kariakoo kwa sababu ya kuona haya.

Kwenye pochi nina kadi ambayo binti yangu aliiandika kwa kalamu nyekundu: NAMEZA METHOTREKSATI JUMATATU TU, MARA MOJA KWA WIKI. Imeshanifaa. Mwaka 2022 nilipata maambukizi ya njia ya mkojo, nikaenda duka la dawa, nikawa napewa Septrin kama ambavyo nimepewa tangu utoto. Nikaitoa kadi. Dada wa dukani akaisoma, akairudisha Septrin kwenye rafu, akaniambia, "Shikamoo mama, hii usiiguse kabisa, nenda ukamuone daktari." Zote mbili zinaibana foliki ileile, na zikikutana zinaweza kukausha damu. SP ya malaria ni ya ukoo huo huo. Sikumuuliza jina lake yule binti. Namwombea.

Na kama wewe ni msichana unayesoma hapa umeandikiwa dawa hii, kuna jambo la kuzungumza kabla ya kidonge cha kwanza, hata kama daktari ni mwanamume na unaona haya: inaharibu mimba. Mimi nilikuwa nimeshazaa wangu watatu, lilipita kwangu kirahisi. Kwa wengine ndilo zito kuliko yote, na zipo dawa nyingine za ugonjwa huu zinazokubaliana na ujauzito.

Damu napimwa kila miezi mitatu, ini na chembe za damu. Homa siipuuzi, kikohozi cha wiki mbili nakwenda kupimwa kifua kikuu, kwa kuwa walinzi wangu nimewalegeza kwa makusudi.

Daftari langu la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma, nimejiwekea vipimo vyangu mwenyewe. Kifua na kiuno mbele, na nyuma kule: "Jumatano, mikono dakika 25. Goti la kushoto limevimba. Kidonda kimoja mdomoni. Nimelala vizuri." Nilianza kuandika kwa sababu nikikaa mbele ya daktari nasahau, au nasema "naendelea vizuri" kabla hajamaliza kuniuliza. Sasa nafungua namsomea.

Safari iliyopita kipimo kimoja cha ini kilikuwa kimepanda kidogo. Daktari amesema turudie baada ya wiki nne ndipo aamue kama tunashusha dozi. Wiki ya nne ni Alhamisi hii. Nimeshapitia kurasa zangu. Kuna panadoli nilizomeza siku sita mfululizo wakati wa mafua, nimeziandika. Kuna dawa ya majani ya mlonge na kitu kingine nisichokijua aliyoniletea wifi yangu kutoka Lindi, nimekunywa vikombe viwili, nimeandika na nimebeba kidogo kwenye mfuko aione. Na kuna Jumatatu ya harusi ya mwanangu, ambayo sikumeza kabisa kwa sababu nilitaka Jumanne nicheze. Hiyo nayo ipo, na tarehe yake.